Somo: Mota ya baiskeli ya umeme inatetemeka na haivuti? Pima sensa kabla hujanunua mota

Habari zenu wadau. Wiki iliyopita mama mmoja anayeleta mboga Mwanjelwa kutoka Uyole alinijia akiikokota baiskeli yake. Alishaambiwa na fundi mwingine kwamba mota imekufa, atafute hela ya nyingine. Mota haikuwa imekufa. Waya mmoja wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, ulikuwa umekatikia pale unapoingia kwenye ekseli. Iliniuma sana, maana alikuwa ameanza kuulizia bei ya chuma chakavu.

Tuanze na sensa yenyewe. Mota hizi za gurudumuni hazina brashi. Koili zimetulia kwenye ekseli, sumaku zinazunguka nje yake, na kontrola (kisanduku kinachogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota) isipojua sumaku zimefika wapi haiwezi kujua koili ipi iipe umeme. Kazi ya kuitaarifu inafanywa na sensa tatu za Hall, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi. Jina ni la Edwin Hall, Mmarekani aliyeigundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879. Sensa moja ikinyamaza, ukifungua aksileta gurudumu linaguna na kucheza mbele nyuma. Ukiisukuma kwa mguu inashika, halafu mlimani inakosa nguvu.

Tatizo ni kwamba waya wa fezi (mmoja wa zile tatu nene zinazopeleka umeme kwenye koili) ukikatika unaleta dalili zilezile. Kontrola iliyoungua nayo inafanana. Ndiyo maana tunapima kwa mpangilio.

Hatua ya 1. Kagua waya pale unapotokea kwenye ekseli. Makosa mengi niliyokutana nayo yako hapo. Nati ikilegea, ekseli inajizungusha ndani ya fremu na kuunyonga waya. Fungua plagi pia, utafute kutu ya kijani na pini iliyorudi nyuma.

Hatua ya 2. Chomoa betri, nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Mota yenye gia ndani izungushe kinyumenyume, la sivyo utakuwa unazungusha ganda tu. Likiwa zito na la kukwamakwama, chomoa waya tatu nene (njano, kijani, bluu) kwenye kontrola ujaribu tena. Likiwa jepesi sasa, transista za kontrola zimepiga shoti. Likibaki zito, waya nene zimegusana ndani ya mota. Kisha, waya nene zikiwa zimechomolewa, zigusanishe mbilimbili huku ukizungusha: kila jozi ilifanye gurudumu liwe zito kwa kiasi kilekile. Jozi mbili zisipolifanya zito, waya ule uliomo kwenye zote mbili ndio umekatika, na sensa hazina kosa.

Hatua ya 3. Rudisha waya zote, lakini chomoa aksileta ili gurudumu lisije likakurukia mkononi. Washa. Weka mita kwenye volti 20 DC, ncha nyeusi kwenye waya mwembamba mweusi, nyekundu kwenye mwembamba mwekundu, ukipenyeza kwa nyuma ya plagi ya sensa (ile yenye waya nyembamba) bila kuichomoa. Unatafuta karibu volti 5. Ukikuta sifuri, chomoa plagi ya sensa upime upande wa kontrola. Volti 5 zikirudi, kuna shoti ndani ya mota au kwenye waya wake. Zisiporudi, tatizo liko kontrola. Shika ncha za mita kwa utulivu: ncha ikiteleza ikagusanisha volti 5 na waya wa betri, unaweza kuunguza sensa zote tatu na kontrola kwa pamoja.

Hatua ya 4, na hii ndiyo roho ya somo. Ncha nyeusi ibaki pale pale. Nyekundu iweke kwenye waya mwembamba wa njano, kisha zungusha gurudumu polepole mno, kama unayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Mita isome karibu volti 5, ishuke karibu na sifuri, ipande tena, kwa kuruka, bila kukaa katikati. Rudia kijani, halafu bluu. Waya unaobaki juu muda wote ni sensa iliyokufa au waya uliokatika, kwa sababu volti hiyo inatoka kontrola na hakuna anayeivuta chini. Unaobaki chini muda wote ni sensa iliyopiga shoti. Unaoganda volti 2 au 3 ni sensa inayoelekea kufa, au maji.

Chukua pia daftari uandike 1 kwa juu na 0 kwa chini, njano, kijani, bluu, kila gurudumu linaposogea kidogo. Kwa mota nyingi utapata mipangilio sita inayojirudia. Ukikuta 000 au 111, kuna sensa inayodanganya.

Hatua ya 5. Ukithibitisha, fungua mota. Weka alama kwenye kifuniko na ganda kabla ya kutoa skrubu, na vidole viwe mbali, sumaku zinarudi kwa nguvu. Sensa zimegandishwa kwa gundi kwenye vijishimo vya chuma cha koili. Piga picha kujua upande wenye maandishi umeelekea wapi. Mimi nabadilisha zote tatu kwa sensa aina ya SS41F au inayolingana nayo. Aina inayosikia ncha moja tu ya sumaku haifai. Ukitazama maandishi, miguu ikiwa chini, kushoto ni volti 5, katikati ni mweusi, kulia ni waya wa ishara (njano, kijani au bluu). Lehemu haraka, zisizidi sekunde tatu kwa mguu, na kila mguu uvalishe mpira wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Tukuyu: Mkuu, yangu ikinyeshewa inagoma, ikianikwa siku mbili inapona. Ni sensa?

Jibu: Ni maji, na kwa mvua za huko Rungwe sishangai. Maji yanaufuata waya mpaka ndani ya ekseli. Ufunge waya ushuke chini kidogo kabla ya kupanda kwenye ekseli, matone yaishie kwenye huo mkunjo. Halafu fungua mota, ikaushe kabisa, na uzibe tundu la waya kwa silikoni. Usiendelee kuianika tu, kutu inakula miguu ya sensa kila siku.

Mdau wa Ipogolo, Iringa: Fundi, nimepima zote tatu zinaruka vizuri. Lakini nikipandisha mjini na mzigo, katikati ya mlima inakata. Ikipoa inarudi.

Jibu: Umeipima ikiwa baridi, kaka. Panda mlima mpaka ikate, kisha pima papo hapo kandokando ya barabara kabla haijapoa, ukiwa umechomoa aksileta. Isiyoruka hapo ndiyo mgonjwa. Na ukipanda, saidia kwa pedali: mota inayotambaa na mzigo ndiyo inayochemka zaidi.

Mdau wa Njombe: Nina mota peke yake, sina kontrola. Nimeweka betri kavu tatu za 1.5, waya zote za ishara zinasoma sifuri. Zimekufa zote?

Jibu: Hapana dada, usizitupe. Sensa hizi zinaweza kuvuta chini tu, haziwezi kupandisha zenyewe; kwa kawaida kontrola ndiyo inayopandisha. Unganisha rezista ya kilo-omu 1 mpaka 10 kati ya waya mwekundu na kila waya wa ishara, upime upya.

Mdau wa Mbalizi: Nimebadilisha sensa, zinaruka zote, ila mota inanguruma na inazunguka kinyume.

Jibu: Umebadilishana nafasi za waya za ishara. Rudi kwenye picha uliyopiga kabla ya kutoa za zamani. Kama hukupiga, acha sensa zilivyo, badilishana waya nene. Mipangilio ipo sita. Jaribu mmojammoja gurudumu likiwa juu, aksileta kidogo tu, na usishikilie ikinguruma. Ulio sahihi utaujua: inaondoka kimya na kwenda mbele.