Kumlinda mtoaji figo asiyekuwa kazini: mpango wa pesa kabla ya upasuaji

Harambee za kulipia upandikizaji wa figo humhesabu mgonjwa, na ndugu anayetoa figo husahaulika. Naye atakaa nyumbani bila kipato huku mwenye nyumba akidai kodi. Kamati ya harambee iweke fungu la mtoaji kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.

Anzeni kwa kuhesabu siku. Kazi ya ofisini hurudiwa kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita. Mjengo au kubeba mizigo kwenye soko la Gikomba, Nairobi, ni wiki sita hadi nane, pengine zaidi, kwani kunyanyua vizito mapema huweza kuleta ngiri kwenye mshono. Jumlisheni siku za vipimo na za kliniki. Fundi wa shilingi 1,500 kwa siku, siku sita kwa wiki, akikaa wiki nane hupoteza 72,000, hata kabla ya nauli.

Kwa aliyeajiriwa, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 haina likizo ya mtoaji kiungo. Aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini ana angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara. Azipange pamoja na likizo yake ya mwaka, ambayo ni siku 21 za kazi baada ya mwaka mmoja. Mwajiri anaweza kudai kwamba mtoaji si mgonjwa. Kwa hiyo cheti cha daktari kiseme wazi kuwa hawezi kufanya kazi, kuanzia tarehe gani hadi gani.

Mwenye biashara ndogo achapishe taarifa ya M-Pesa ya miezi sita kuthibitisha kipato chake. Mwenye boda ya mkopo aongee na mkopeshaji mapema, pikipiki isije ikachukuliwa akiwa kitandani.

Hapa muwe makini kabisa: kuuza kiungo ni kosa la jinai. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2010 inakataza malipo kwa ajili ya kiungo, lakini inaruhusu kurudisha gharama na kipato kilichopotea, mradi vithibitishwe. Waonyesheni timu ya hospitali hesabu hiyo kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha mweka hazina, si mgonjwa, atume kila wiki kwa M-Pesa kiasi kilichopotea wiki hiyo. Laki mbili taslimu mkononi zinafanana na bei, hata nia ikiwa safi.

Tengeni pia wiki mbili za akiba, kidonda kikichelewa kupona. Zisipotumika, zibaki kwenye mfuko.