Gari la dialisisi: anza kupanga safari ya kurudi

Nafanya kazi Minneapolis, kwenye dawati la wodi katika makao ya wazee, na magari ya kuwapeleka wagonjwa wa figo kwenye dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, nayapanga mimi. Nawaandikia wenzangu mnaokabidhiwa kazi hii, pamoja na mlio na mzazi kwenye makao kama haya.

Kabla ya safari yenyewe, mjue mlipaji. Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hailipii gari la kiti cha magurudumu. Hulipia ambulansi tu, tena kwa yule ambaye usafiri mwingine ungehatarisha afya yake. Kwa safari za kujirudia inataka cheti cha daktari ambacho saini yake haijapita siku 60 kabla ya safari, kwa hiyo tarehe ile naiandika kwa wino mwekundu kwenye kalenda. Wakazi wetu wengi hubebwa na Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kila jimbo linatakiwa kuwafikisha wagonjwa wake kwenye matibabu, na majimbo mengi humwachia dalali atafute kampuni ya magari. Kwa dalali usiombe safari moja moja, utachoka bure. Omba oda ya kudumu: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwenda na kurudi.

Taja kiti chenyewe: upana wake, na uzito wa mgonjwa akiwa amekikalia. Yale makochi ya magurudumu ya sebuleni magari mengi huyakataa kwa kuwa hayafungiki salama. Halafu kuna mzee anayetembea mwenyewe asubuhi. Huyo akishatoka kwenye mashine presha imeshuka na miguu haina nguvu, lakini gari lililoagizwa ni la watu wanaotembea. Mwagizie la kiti cha magurudumu safari zote mbili, hata akinuna.

Kurudi ndiko kunakoharibika. Ukimwambia dereva saa ambayo mashine inazimwa, atafika saa hiyohiyo, na mzee bado amebanwa pamba pale sindano zilipotoka. Dereva hungoja dakika chache, akaondoka, na kumpata mwingine ni shughuli. Ongeza angalau nusu saa. Kisha wape wauguzi wa kliniki nambari ya mpanga magari wa kampuni ili wampigie moja kwa moja mambo yakichelewa, maana simu ikizungukia kwetu gari limeshaenda. Omba pia dereva aingie ndani kumchukua, asipige honi barabarani.

Kwenda ni rahisi zaidi: hesabu kinyumenyume kutoka saa ya kuanza, na wakati wa theluji ongeza muda. Zamu ya usiku ijue nani anaamshwa. Mfuko uwe na blanketi, kitu cha kula na orodha ya dawa. Dereva aambiwe mkono wenye fistula, mshipa ulioandaliwa kwa sindano za dialisisi, hauvutwi wala haubanwi na mkanda.

Gari lisipokuja, usisubiri zamu ijayo. Mwenye ratiba ya Jumatatu akikosa Ijumaa, kutoka Jumatano hadi Jumatatu ni siku tano maji na potasiamu vikijaa mwilini. Mwambie muuguzi wa zamu ili daktari ajue, na papo hapo piga kliniki uombe nafasi nyingine, leo au kesho. Ukishaipata ndipo utafute gari. Kama kesho ni Jumamosi, hakikisha mapema kampuni yako ina mtu wa kupokea simu siku hiyo. Nyingine huwa na mashine ya kurekodi tu.