Ninavyozipima upya hisa zangu za akili mnemba

Tarehe 27 Januari 2025 nilikuwa barazani Mikindani, simu mkononi, soko la Marekani lilipofunguliwa saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa zetu. Habari za kampuni ya DeepSeek ya China, kwamba akili mnemba yaweza kujengwa kwa gharama ndogo, zilikuwa zimezagaa. Kufika kufungwa, Nvidia, muuza chipu za kompyuta za akili mnemba, imeporomoka kwa asilimia 17. Broadcom, muuza chipu mwingine, nayo vilevile, na TSMC, kiwanda cha chipu cha Taiwan, asilimia 13. Zote tatu nilikuwa nazo, nikijiona nimetawanya mtaji! Meta, ambayo ni mnunuzi wa chipu, ilipanda.

Kwa hiyo kwanza chukua daftari uandike nani anamlipa nani. Microsoft, Amazon, Alphabet na Meta hujenga vituo vya data, yaani majengo ya kompyuta zinazoendesha akili mnemba. Fedha hizo huenda kwa Nvidia na Broadcom, na hao chipu zao hutengenezewa na TSMC. Sisi wa korosho jambo hili tunalijua: mkulima, mwenye ghala na mwenye lori wote wanategemea mnada uleule. Basi wauza chipu wahesabu kama fungu moja.

Mifuko ya fahirisi, ile inayonunua kwa pamoja hisa za orodha fulani ya kampuni, pia ifungue. Wa Nasdaq 100 na wa S&P 500 yote ina Nvidia ndani, nayo ijumlishe.

Kisha weka kikomo. Changu ni asilimia 15 kwa kampuni moja. Tuseme una hisa za shilingi milioni 4 na Nvidia imefika milioni 1: hiyo ni asilimia 25. Unauza za 400,000, unahamishia fungu jingine la hisa lililopungua. Usingoje habari mbaya ndipo upunguze. Utauza kwa hofu.

Mimi hupima mara nne kwa mwaka, kampuni zikishatoa hesabu za robo. Nasoma mstari mmoja kwa makini: wanunuzi wametenga kiasi gani kwa ujenzi wa vituo. Wakianza kukaza mkono, nashusha kikomo cha wauza chipu.

Gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, usilitegemee sana, kwani Marekani hutukata asilimia 30 ya kodi.

Msimu wa korosho ukifika siuzi hisa yoyote. Malipo ya mnada yakiingia, natoa kwanza ada ya watoto na dawa ya mikorosho ya mwakani. Kinachobaki nanunulia fungu lililopungua, na ada ya dalali nailipa mara moja tu.