Insha ya kuombea chuo: jieleze kikamilifu bila kutia chumvi

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika mlango wangu hapa Langoni, Lamu, haufungiki. Watoto waja na simu, wengine na karatasi imekunjwa mara nne mfukoni, mwalimu nisomee hii kabla sijatuma. Nasoma, na karibu kila insha ya kwanza hunisikitisha kwa jambo lilelile, yule mtoto aliyekaa mbele yangu na yule wa kwenye karatasi si mtu mmoja. Wa kwenye karatasi ameanzisha mashirika mawili, ameokoa kijiji kizima, tangu azaliwe yuwaota kubadilisha dunia. Aliyekaa mbele yangu ana mambo mazuri kuliko hayo yote na hakuandika hata moja, manake yuwadhani mambo ya kwetu hayana maana kwa hao watakaosoma huko.

Kwanza ujue kama hiyo insha waihitaji. Ukiomba kupitia KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo hapa Kenya, iwe wataka Pwani University pale Kilifi au Nairobi, hakuna insha, wao huangalia gredi zako za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na pointi za kozi, basi. Insha ni ya wanaoomba nje, na ya skolashipu nyingi. Uingereza huenda kupitia UCAS, shirika la huko linalopokea maombi ya vyuo, na kwa wanaoanza chuo 2026 kwenda mbele ile insha moja ndefu imekuwa maswali matatu: kwa nini wataka kozi hii, masomo yako yamekutayarisha vipi, na nje ya darasa umefanya nini cha kukutayarisha na kimekusaidia nini. Majibu yote matatu pamoja yasizidi herufi 4,000 ukihesabu na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Marekani wengi hutumia Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, insha ni maneno 250 mpaka 650, na kando kuna orodha ya shughuli zako, mwisho 10. Ni nafasi ndogo sana hiyo ndugu yangu. Kila sentensi ya uongo imemfukuza mwenzake wa kweli.

Nikupe mfano niuelewao vizuri. Alinijia kijana wa Matondoni anaomba uinjinia. Insha imeanza "nimekuwa na shauku kubwa ya uinjinia tangu utotoni", halafu ikasema yeye ni meneja wa kampuni ya kutengeneza vyombo vya baharini. Nikamuuliza kampuni gani hiyo mwanangu? Akainamisha kichwa. Kumbe ni baba yake mdogo, fundi wa majahazi, wako watatu chini ya banda la makuti, na yeye likizo huenda kuwasaidia. Kusaidia nini? Kutia kalafati. Nikamwambia nieleze kalafati kama kwamba sijawahi kuona chombo. Hapo kichwa kikanyanyuka, akaanza kuniambia pamba yatiwa mafuta yasokotwa, yasukumwa kwa patasi na nyundo baina ya mbao na mbao, ukiipiga sana wapasua mbao ukiipiga kidogo maji yaingia, na chombo kikishushwa majini mbao zafura zaibana ile pamba, ndio ukaona chombo kipya chavuja siku za mwanzo halafu chaacha chenyewe. Alizungumza dakika kumi hakupumua. Nikamwambia hayo sasa ndiyo insha yako, keti uandike kama ulivyosema.

Aliyorudi nayo, naiweka hapa kwa Kiswahili kwa ruhusa yake: "Likizo za kidato cha pili mpaka cha nne nilimsaidia baba yangu mdogo kutengeneza majahazi. Kazi yangu ilikuwa kalafati tu. Mara ya kwanza alinirudisha nikaanza upya ubavu mzima, kwa sababu nilipiga pamba kwa nguvu moja kila mahali na mbao hazina unene mmoja. Nikajifunza kuigusa mbao kwanza. Tulipofika darasani kwenye kanuni ya kuwa msukumo wa maji huongezeka kwa kina, nikafahamu kwa nini alikuwa mkali zaidi kwenye mbao za chini. Nataka kujua yale ambayo mkono wake wajua lakini hawezi kuniandikia kwa hesabu."

Umeona, hakuna meneja hapo, hakuna shauku tangu utotoni, na bado huwezi kumsahau. Amesema alikosea. Msomaji akiona umekubali kosa lako dogo hata yale mazuri mengine utakayoyasema atayaamini.

Sasa wewe utayapataje ya kwako? Usianze kuandika, anza kusema. Keti na mtu, mwambie akuulize, ulifanya nini kwa mkono wako mwenyewe, mara ngapi, nani alikuonyesha, ulikosea wapi, baada yake uliona nini ambacho kabla hukukiona. Rekodi kwa simu. Halafu sikiliza pale sauti yako ilipopata moto, hapo ndipo pa kuandika. Nimeona mtoto amehangaika wiki mbili na insha ya bayolojia, siku akasimulia jinsi mama yake ajuavyo samaki aliyelala na samaki wa leo kwa kutazama jicho na shavu, na jinsi yeye alivyoenda kutafuta sababu kwenye kitabu, insha ikaisha usiku uleule.

Chumvi nyingi hukaa kwenye vitenzi, vichunge sana. Nilianzisha, niliongoza, nilishiriki, nilisaidia, nilihudhuria, hivi si vitu sawa na kila kimoja kina uzito wake. Hili nalisema kwa uchungu manake kosa lilikuwa langu. Miaka ya mwanzo nilimsaidia msichana mmoja aliyekuwa yuwaenda Jumamosi na kikundi cha kuokota taka ufuoni Shela, na mimi kwa kumpenda nikafuta "nilijiunga" nikatia "nilianzisha", nikaona kineno kimoja tu kitadhuru nini. Akaitwa intavyu. Wakamuuliza ulianzishaje, mulikuwa wangapi siku ya kwanza, pesa za magunia na glavu zilitoka wapi. Akanyamaza. Hakupata ile nafasi, na kwa sababu ipi hawakumwambia, lakini alivyorudi nyumbani hakuweza kunitazama, na yeye hakuwa na kosa lolote. Alikuwa na jambo zuri la kueleza, alikuwa ndiye aliyeandika daftari la magunia kila Jumamosi mwaka mzima bila kukosa, na mimi nikamnyang'anya hilo nikampa uongo. Tangu siku ile sigusi kitenzi cha mtoto bila kumuuliza, hiki waweza kukijibia?

Na namba nazo. Common App wakuuliza kila shughuli masaa mangapi kwa wiki na wiki ngapi kwa mwaka. Jumlisha kabla hujatuma. Wiki ina masaa 168, toa ya kulala, toa ya darasani, toa madrasa, toa prepu kama wakaa bweni. Niliona fomu ya mtoto wa bweni imejumlisha masaa 60 ya shughuli za nje kila wiki, hata geti la shule halikubali. Kama ni masaa mawili andika mawili. Na kama hujui idadi kamili sema "karibu 15", usiseme mamia.

Hapohapo kwenye ile orodha ya Common App kuna mahali pa majukumu ya nyumbani na mahali pa kazi ya kulipwa, na watoto wetu huparuka kama kwamba hawana cha kujaza. Wewe waamka alfajiri kumsaidia mama kukaanga mahamri kabla ya shule, hiyo ni shughuli. Wamlea bibi asiyeona, ni shughuli. Wapeleka punda wa babu kubeba mawe ya ujenzi Jumamosi, hiyo ni kazi. Yaandike na masaa yake, bila haya.

Lakini kuna chumvi ya upande wa pili na hii yanihuzunisha zaidi, kutia chumvi kwenye shida. Kuna maneno yametembea kwamba wazungu wapenda kulia, basi mtoto amuua baba yake kwenye karatasi na baba yuko hai, yuwauza samaki sokoni. Mwingine asema nyumbani walala njaa, na si kweli. Usifanye hivo. 2018 gazeti la New York Times lilifichua shule moja ndogo ya Louisiana, Marekani, iliyokuwa ikijulikana kwa kupeleka watoto weusi vyuo vikubwa, kumbe kwenye maombi walitia gredi za uongo na hadithi za shida zilizobuniwa. Watoto walifanywa waonekane wameharibikiwa ili wapendwe. Fikiria mtoto abebe hiyo moyoni miaka minne ya chuo, kila akiulizwa habari ya kwao aogope.

Shida ya kweli ieleze, tena kwa kipimo. Kuna mtoto wa mvuvi aliandika juu ya miaka ile ya baada ya 2014, watu wa hapa walipokatazwa kuvua usiku kwa ajili ya usalama. Hakuandika "tuliteseka sana". Aliandika kwamba baba yake alikuwa mvuvi wa usiku, mchana nyavu zake hazikuwa na kazi, na yeye darasa la tano alianza kuweka hesabu ya deni la duka kwenye daftari la zamani. Na sasa yuwaomba uchumi. Sentensi tatu. Hakuomba huruma na hakuficha kitu.

Najua pia wapo wenye tatizo la kinyume, nao ni wengi hapa kwetu. Tumelelewa kwamba kujisifu ni aibu, mtoto mwenye adabu hasemi mimi mimi. Basi aandika "tulifanya" kila mahali, msomaji hajui yeye alifanya nini, na hilo nalo lapotosha. Kusema "daftari nililiandika mimi" si kujisifu, ni ushahidi. Kujisifu ni kusema mimi ni kiongozi hodari mwenye bidii. Sema kitendo, ile sifa muachie msomaji aitoe mwenyewe.

Kunakili nitapita haraka. 2007 UCAS walizipitisha insha kwenye programu ya kulinganisha maneno, wakakuta waombaji 234 wote wasimulia kisa kimoja cha kuunguza pajama wakiwa na miaka minane. Kimetoka kwenye insha ya mfano. Ukiona insha nzuri kwenye intaneti jua na wenzio wameiona. Na ChatGPT, ile programu ya kukuandikia, vilevile, UCAS wamesema ukitoa insha yote au sehemu kubwa huko ukaipeleka kama maneno yako yaweza kuhesabiwa udanganyifu. Kumuuliza sarufi sawa. Lakini yeye hajawahi kutia kalafati.

Ukimaliza, msomee mtu anayekujua tangu mdogo. Mtafsirie mama kama hajui Kiingereza, msomee yote, mtazame uso. Pale atakapouliza "haya yalikuwa lini?" pana chumvi, rudi ukarekebishe. Kisha mpe nakala mwalimu anayekuandikia barua ya kukupendekeza, si ili aikopi, ni ili maneno yenu yasigongane, wewe wasema ulikuwa mwenyekiti wa klabu na yeye asema mwanachama, nani ataaminiwa hapo?

Mwisho wa fomu utaweka sahihi kwamba yote ni kweli na ni kazi yako, na ikibainika sivyo waweza kufutiwa nafasi hata kama ushakubaliwa. Isome hiyo sehemu, usibonyeze tu kwa vile saiba yafungwa. Kuna Adam Wheeler, aliingia chuo cha Harvard, Marekani, 2007 kwa karatasi za uongo, na hakukamatwa mlangoni, alikamatwa 2009 alipoomba skolashipu nyingine, manake ule uongo wa kwanza ulimtaka aendelee kudanganya, na kesi ikaishia mahakamani.

Ushatuma? Hifadhi kopi, jitumie kwenye imeili na uchapishe moja. Intavyu yaweza kuja baada ya miezi na utakuwa umesahau ulichoandika. Usiku wa kuamkia siku hiyo isome mara moja, na kando ya kila sentensi andika kwa penseli swali moja ambalo ungemuuliza mtu aliyekuambia hivo. Yajibu kwa sauti. Yale ya kalafati yatajijibu yenyewe.