Developa (mwandika programu) mpya anaripoti Jumatatu: namna ya kumpokea

Mpe nywila kabla ya chai. Mpe na kasoro moja ndogo ya programu, ya kweli, airekebishe siku hiyohiyo. Sisi hapa Tabora tunaandika programu za kupokelea mazao kwenye vyama vya msingi vya ushirika, kwa hiyo kasoro hazikosekani. Kuna ile ya tarehe kugeuka mwezi kwenye risiti ya mkulima. Akishaigusa kazi ndipo uanze kumjua. Miwani na spika za masikioni hazikuambii kitu.

Akiwa msichana, wageni watamwagiza maji, na kijana wa mapokezi ndiye watakayemwita "mtaalamu". Sahihisha palepale, kwa upole: "Mtaalamu ni huyu dada." Chai na kuandika mihtasari ya vikao viwe vya zamu, bosi akiwemo. Yangu ni Alhamisi. Printa ikikwama, nayo ina zamu yake, ingawa mji mzima unaamini kila developa ni fundi printa.

Atakayekuambia kazi hii ni ya wanaume, mkumbushe ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946: walioipangia mahesabu walikuwa wanawake sita. Sifa ya developa asiyependa watu ilikuja baadaye. Miaka ya 1960 wanasaikolojia wawili, Cannon na Perry, waliwapima waandika programu, wengi wao wanaume, wakasema hawapendi kushughulika na watu. Tangu lini tabia ya waliokuwepo ikawa sharti la kuajiri?

Mkimya mwache na ukimya wake, ila wiki ya kwanza mpeleke ghalani. Asalimie kwanza, "Mwangaluka", akae, amtazame karani akiandika uzito kwenye daftari kwa sababu umeme umekatika, kisha akinakili yote usiku kwa kidole kimoja. Akirukia kompyuta kabla ya salamu, karani atamwambia kila kitu kiko sawa. Akitulia ataonyeshwa visanduku vya kwenye programu ambavyo hakuna anayevijaza, na atavifuta mwenyewe bila kuambiwa.

Kwenye kupitia kazi za wenzake, aseme juu ya mstari wa programu: "Huu utakwama uzito ukiwa sifuri." Ugumu wetu ni shikamoo. Kijana haoni vizuri kumkosoa aliyemwamkia asubuhi, kwa hiyo anayeamkiwa na wote aongee mwisho, na kazi yake ipitiwe ya kwanza.

Akipenda kukesha, akeshe. Lakini Ijumaa jioni hatupeleki toleo jipya kwa wateja, hata abembeleze vipi.