Kumsimamia fundi wa kandarasi

Kabla fundi hajagusa ukuta wa duka lako Kisumu, andikeni karatasi moja: kazi gani, rangi mikono mingapi, nani ananunua vifaa, lini anamaliza. Chukua nakala ya kitambulisho na PIN (namba ya mlipakodi) ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya.

Usilipe kwa siku, lipa kwa hatua uliyoikagua mwenyewe. Zuia asilimia 10 hadi mwezi upite, maana rangi iliyopakwa juu ya plasta mbichi huvimba malengelenge baadaye, fundi akiwa ameshahamia Kakamega.

Ada ya kandarasi ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi, kata kwenye malipo yake kodi ya zuio asilimia 3, uiwasilishe KRA ndani ya siku 5 za kazi.

Saa za kuripoti usimpangie. Ukimwendesha kama mwajiriwa, mahakama inaweza kumhesabu hivyo.