GMAT ukiwa na kazi ya saa mbili mpaka saa kumi na moja: anzia hapa

Kama ulinunua kile kitabu kinene cha GMAT, mtihani wa kuombea nafasi ya MBA na shule za biashara, kwa wale wauza vitabu wa inama pale tao, kifungue kwanza uangalie mwaka. Mtihani ulibadilishwa mwisho wa 2023 na saa hii ni huo mpya tu unafanywa, insha hakuna, jiometri hakuna, kurekebisha sentensi hakuna, kwa hivyo mtu mwenye ako na cha 2018 anaweza maliza mwezi mzima na duara na pembetatu bure kabisa. Si ati ukitupe, aljebra na maswali ya hoja bado yanafaa, ruka tu hizo zingine.

Sehemu ni tatu, kila moja dakika 45: hesabu maswali 21, Verbal (kusoma na hoja kwa Kiingereza) 23, Data Insights (kuchambua majedwali, grafu na data) 20. Maksi ni 205 hadi 805. Na yule binamu anajigamba na 700 yake ya kitambo asikutishe, 645 ya sasa inakaribiana na hiyo.

Kabla hujalipia tuisheni yoyote ingia mba.com ufanye mtihani wa majaribio, iko miwili ya bure. Fanya mmoja Jumamosi asubuhi, simu chumba kingine, saa isisimamishwe hata ukiitwa chai. Wa pili uwekee wiki za mwisho, usiuchome mapema juu ya hamu.

Sasa pahali watu wetu wanaumia. KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, ilitufunza kuonyesha njia, ukikosa jibu unaokota maksi ya hapa na pale. Huku hakuna mtu anaangalia njia yako, na kuna maswali kwa Data Insights yenye hata hawataki jibu, wanataka ujue kama habari uliyopewa inatosha kulipata. Kwa mfano: chama kina wanachama wangapi? Habari ya kwanza, kila mtu anatoa 500 kwa wiki. Ya pili, kila wiki zinapatikana 12,000. Moja moja hazitoshi, zote pamoja zinatosha, basi, chagua hiyo usonge, kupiga mpaka ufike 24 ni kupoteza sekunde. Mtego wenyewe uko hapa: je, x ni kubwa kuliko 10? Unaambiwa x mara x ni 49. Wengi wanasema haitoshi kwa sababu x inaweza kuwa 7 ama hasi 7, lakini zote mbili ziko chini ya 10, so jibu ni la, na "la" yenye haina shaka inatosha. Fanya hizi nyingi mpaka mkono uache kutafuta kalamu. Kalkuleta nayo iko kwa Data Insights pekee, kwa hesabu ni kichwa chako, kwa hivyo rudia fractions, asilimia na vipeo.

Saa ndio inaangusha watu kuliko ugumu. Swali likikula dakika tatu, kisia uende, kwa sababu kuacha maswali mwisho bila kujibu kunakatwa vibaya. Huwezi kuruka swali lakini unaweza kuliwekea alama, na ukimaliza sehemu na dakika zimebaki unarudi, unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu.

Ratiba: miezi mitatu kwa mtu wa kazi naona inatosha. Ukiwa ndani ya matatu soma zile hoja fupi za Verbal, hesabu achia nyumbani ama maktaba, jam ya Thika Road haina meza. Weka daftari la makosa, na usiandike tu jibu sahihi, andika kwa nini ulidanganyika: ulisoma haraka, hukujua kanuni, ama saa ilikuharakisha? Hilo daftari kwangu linashinda kitabu cha tatu.

Pasipoti iangalie mapema na ujisajili na jina lake vile lilivyo. Kufanyia nyumbani kunaruhusiwa, lakini kama stima ya mtaa wenu inapenda kupotea, enda kituoni. Ukikosa maksi unarudia baada ya siku 16, mwisho mara tano kwa miezi 12, na shule nyingi za Marekani hufunga raundi ya kwanza ya maombi Septemba, so hesabu kurudi nyuma kutoka hapo ubaki na nafasi ya kurudia. Shule za kutumiwa utachagua ukishaona maksi, kwa hivyo siku ikienda vibaya si lazima utume popote.